Chai ya Kijani Haichomi Kitambi, Inachoma Mfuko

Leo tuongee hii maneno ya chai ya kijani, manake imetuingia vibaya. Ukifungua TikTok usiku kabla ya kulala, huchelewi kumpata mtu na kikombe chake, kipande cha limau pembeni, halafu picha mbili: tumbo la kabla na tumbo la baada. Na hii kitu si ya Nairobi peke yake. Iko Mtwapa, iko Kilifi mjini, na sa hii imefika mpaka Bamba na Vitengeni, kwa madada wanaotafuta hela yao kwa jasho.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usiniulize kwa komenti: chai ya kijani ni chai. Ukiipenda, kunywa, hakuna anayekukataza. Lakini ukiinunua ukitegemea ikutoe nyama uzembe, umeuziwa matumaini.

Tuanze na mti wenyewe. Wengi wanadhani chai ya kijani ni mmea mwingine kabisa, wa huko Uchina, wenye siri yake. Hapana. Hiyo chai na turungi unayokunywa kila asubuhi zatoka mti mmoja, Camellia sinensis. Ni mti ule ule uliopandwa Limuru mwaka 1903 na leo umejaa Kericho na Nandi. Tofauti inatokea kiwandani. Majani ya chai nyeusi husagwa, yakaachwa hewani mpaka yageuke rangi, ndipo yanakaushwa. Ya kijani hupigwa joto mapema ili yasigeuke. Basi. Na sisi wa Pwani tusidanganywe mambo ya chai, wakati mnada mkubwa wa chai wa Afrika Mashariki uko Mombasa hapo, mwendo wa matatu tu.

Sasa tuseme ukweli wote, hata ule unaowafaa wauzaji. Kwa sababu majani hayajaachwa yakageuka, chai ya kijani inabaki na katekini nyingi zaidi. Katekini pamoja na kafeini zinaweza kuufanya mwili utumie nguvu zaidi kidogo. Hiyo ni kweli. Muuzaji anaanzia hapo, na anaishia hapo hapo. Hakwambii hiyo "kidogo" ni ndogo kiasi gani.

Kuna watu wamepima. Cochrane ni mtandao wa watafiti wa nchi nyingi. Kazi yao ni kukusanya majaribio yote ya tiba fulani na kuyaangalia kwa pamoja. Mwaka 2012 walitoa ripoti kuhusu chai ya kijani na uzito. Walichukua majaribio ya wiki 12 na zaidi, kwa watu wazima wenye uzito uliozidi. Kwa yale yaliyofanyika nje ya Japani, tofauti kati ya waliopewa chai ya kijani na wasiopewa ilikuwa kilo 0.04 kwa wastani. Usikimbie hiyo namba, ihesabu: gramu 40. Yai la kuku wa kienyeji linaweza kuzidi hapo. Miezi mitatu, yai moja halijafika! Yale ya Japani matokeo yake yalitofautiana sana, mengine karibu na sifuri, mengine kilo kadhaa, hata hayakuweza kujumlishwa pamoja. Hitimisho lao likawa kwamba kupungua kwenyewe ni kudogo mno, hakuna maana kwa afya ya mtu.

Najua utaniambia: "Lakini mimi namjua mtu amekunywa na amepungua kabisa." Nakuamini. Hebu muulize kitu kimoja: hiyo chai ya kijani ilichukua nafasi ya nini?

Manake chai yetu tunaijua. Chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, mahamri mawili, na mbaazi za nazi zikiwepo. Chukua sukari peke yake. Kijiko kimoja ni kama gramu 4, yaani kalori 16 hivi. Vijiko vitatu mara vikombe vinne kwa siku ni gramu 48, karibu kalori 190. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba ni vizuri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 5 ya nishati unayokula, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25 kwa siku. Wewe umeshapita karibu mara mbili kabla hujagusa soda.

Sasa yule rafiki yako akahamia chai ya kijani, akainywa bila sukari kwa sababu video ilimwambia hivo. Mahamri akaacha kwa sababu haziendani na limau. Jioni akaanza kutembea kwa sababu ana ari mpya. Mwezi ukiisha amepungua. Nani kafanya kazi hapo? Ni sukari iliyotoka na miguu iliyotembea. Sifa zote zikaenda kwa kikombe. Angetoa sukari kwenye mkandaa wa dukani kwa mama, angefika pale pale, na hela yake ingebaki mfukoni.

Hapo sijafika kwa kinachoniuma.

Mimi ni wa Ganze. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 37 ya watoto wa Kilifi walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Nchi nzima ilikuwa asilimia 18. Sisi ndio tulioongoza, na si kwa kitu cha kujivunia. Utafiti huo huo ulionyesha karibu nusu ya wanawake wa Kenya wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Kwa hivyo sisemi kitambi si shida. Ni shida, kina sukari na presha nyuma yake. Ninachosema ni kwamba kaunti yetu ina shida zote mbili, saa nyingine kwenye boma moja, na matangazo hayaulizi unayo ipi.

Ndiyo unapata msichana wa miaka 17 ambaye hana kilo ya kupunguza. Anachota maji mbali, anapanda na kushuka na mtungi, halafu anaruka sima ya mchana anywe chai ya kijani ili afanane na mtu wa kwenye simu. Hawe akimwambia "mjukuu wangu, umekonda, unaumwa?" yeye anaona amesifiwa. Jamani. Huyo hahitaji chai. Anahitaji chakula, na mtu wa kumwambia mwili wake uko sawa.

Tena kuna jambo madada wengi hawaambiwi. Chai, iwe ya kijani au nyeusi, ukiinywa pamoja na chakula inapunguza madini ya chuma ambayo mwili unatoa kwenye mchicha, kunde na maharagwe. Kama unaona hedhi kila mwezi na nyama unaila kwa nadra, madini hayo ndiyo yanakukinga usipungukiwe damu. Kwa hivyo kula kwanza, subiri kama saa moja, ndipo unywe chai yako.

Na kuna hatari kubwa zaidi ya kikombe. Vidonge. Vile vya "dondoo la chai ya kijani" vyenye nguvu ya vikombe vingi kwa mpigo. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema kutumia miligramu 800 au zaidi kwa siku za ile katekini kuu, EGCG, kwa njia ya vidonge kunaweza kuonyesha dalili za ini kuumia. Chai ya kawaida ya kikombe waliiona salama kwa jumla. Halafu kuna zile paketi za "chai ya kupunguza tumbo" ambazo ndani yake mna majani ya sena. Sena ni dawa ya kuharisha. Utaenda choo mpaka uchoke, mizani itashuka, lakini kilichotoka ni maji na uchafu. Mafuta yako palepale yanakusubiri. Kama paketi haijaandika kilichomo, au imeandikwa lugha usiyoisoma, usiitie mdomoni.

Sasa niwageukie wenzangu tunaotengeneza video. Nishawahi kutumiwa ujumbe na muuzaji anayetaka nishike paketi yake na niseme imenitoa kilo kadhaa. Sijaionja hata. Nilikataa, na hela nilikuwa naihitaji, tusidanganyane. Lakini wanaonifuata ni wadogo zangu. Nikisema uongo kuhusu simu, mtu atapoteza hela. Nikisema uongo kuhusu mwili, mtu atapoteza hela na afya, na tutakutana stejini Ganze tuangaliane. Ukiwa na wafuasi mia mbili au laki mbili, hiyo hesabu ni ile ile.

Kama kweli unataka kupungua, na uzito wako kweli umezidi, anza na visivyokuuliza hela. Punguza sukari kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee. Viazi karai na bhajia ziwe za siku moja moja, zisiwe chakula cha kila jioni. Kipande cha sima kipungue, mboga iongezeke, na sisi mchunga na mnavu tunavyo bila kuagiza Uchina. Tembea. Lala mapema, hiyo simu itakuwepo kesho. Na ukienda kituo cha afya, omba kupimwa uzito na urefu na uulizie afisa wa lishe. Atakwambia kama una shida au huna, bila kukuuzia chochote.

Halafu ukishafanya hayo yote na bado unaipenda ladha ya chai ya kijani, mimi sina neno. Chemsha maji, weka limau lako, kaa chini ya mwembe unywe. Iite chai tu, usiiite dawa.

Kama kuna mdogo wako anaruka chakula kwa sababu ya hizi video, mtumie hii leo. Tukutane kwa komenti.