Sauti Zinazokatika Maofisini

Si jambo geni siku hizi kwa mwananchi aliyeko Micheweni kupiga simu katika ofisi ya Serikali mjini Unguja, akapokewa kwa adabu, akaeleza shida yake, kisha akasikia nusu tu ya jawabu. Ameambiwa alete cheti kabla ya tarehe fulani. Cheti gani na tarehe ipi, hakusikia. Akiuliza tena, sauti inakatika pale pale. Mwisho hufunga safari, na safari hiyo kwa mtu wa Pemba ni nauli ya boti, malazi, na siku mbili za kazi zilizopotea kwa ajili ya maneno mawili yaliyomezwa njiani.

Tunalisema hili kwa kuwa tunaona ugonjwa umezoeleka na dawa inayotolewa si yake. Ofisi ikilalamikiwa, jawabu huwa moja kati ya mawili: ama kampuni ya mtandao ndiyo mbovu, ama mitambo ya simu imechakaa na yatakiwa ninunuliwe mipya, kama kwamba mtambo una kinywa cha kujiombea. Tangu tarehe 12 Mei, 2024, ilipokatika mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, na mawasiliano ya Afrika Mashariki yakayumba, bahari nayo imeingizwa katika orodha ya washitakiwa. Siku ile ilikuwa na kosa kweli. Hatuamini kwamba ina kosa kila siku.

Simu nyingi za maofisini sasa hazina waya wake peke yake. Hupita katika mtandao ule ule unaobeba barua pepe na nyaraka. Sauti hukatwa vipande vidogo, aghalabu hamsini kwa kila sekunde, na kila kipande husafiri peke yake. Waya wa simu za maandishi ulipofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, neno likipotea, mpokeaji aliweza kuomba lirudiwe. Kipande cha sauti hakina nafasi hiyo. Kikichelewa hutupwa, maana msemaji amekwisha pita mbele, kama abiria anayefika gatini boti imeng'oa nanga. Basi sauti inapokatika, mara nyingi waya ni mzima. Vipande ndivyo vilivyopotea au kuchelewa.

Na vinachelewa wapi? Mara nyingi ni mlangoni petu wenyewe. Mazungumzo kumi kwa wakati mmoja, kwa mpango wa sauti uliozoeleka katika simu hizi, hayatimizi hata megabiti moja kwa sekunde kwa kila upande. Upana upo; kinachokosekana ni utaratibu. Karani akianza kupeleka picha za majalada, au kompyuta zikianza kunakili kumbukumbu zake, vipande vya sauti husimama nyuma ya mzigo huo kama gari la wagonjwa lililokwama nyuma ya malori ya karafuu. Ruta iliyopo mlangoni yaweza kuamrishwa, ikiwa ni ya namna hiyo, kuipisha sauti kwanza. Sharti fundi aieleze pia upana wa kweli wa njia ya kutokea, na apunguze kidogo, ili foleni ikae mahali tunapoweza kuitawala. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, wala haihitaji zabuni.

Sisi wenyewe hatuna usafi wa kujivunia. Chumba chetu cha habari kiliilaumu kampuni kwa muda mrefu, mpaka mmoja wetu alipoweka daftari la shule kando ya swichibodi. Kila sauti ilipokatika iliandikwa saa, simu iliyotumika, na nani hakumsikia nani. Baada ya wiki moja daftari lilisema wazi. Takriban malalamiko yote yalikuwa ya alasiri, na waliokosa kusikia ni watu wa nje. Sisi tuliwasikia vizuri. Njia yetu ya kutokea ndiyo iliyosongwa, na saa hizo ndizo tunazopeleka kurasa kiwandani. Simu moja ya pembeni ililalamikiwa kutwa nzima: waya wake ulikuwa umekaliwa na mguu wa meza.

Fundi mwangalifu ataongeza dalili nyingine. Upande mmoja ukiwa kimya tangu mwanzo wa mazungumzo, upana hauna hatia. Huenda ruta au kinga ya mtandao inazuia sauti au imechanganya anwani. Simu ikitumia waifai, na iunganishwe kwa waya kwanza kabla ya kuhukumiwa.

Kwa waheshimiwa wanaotia saini mikataba tuna maombi mawili. La kwanza, mkataba wa mtandao utaje kiwango cha vipande vinavyoruhusiwa kupotea na muda wa kufika, si kasi peke yake. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu umependekeza sauti isichukue zaidi ya sehemu 150 za elfu ya sekunde kwa upande mmoja, ili mazungumzo yasiathirike. La pili, iulizwe mtambo wa simu unakaa wapi. Ukiwa umekodiwa ng'ambo, mazungumzo ya Wete na Mjini yaweza kuvuka bahari kwenda na kurudi, na hapo bahari itashitakiwa kwa haki.

Na kabla zabuni ya mitambo mipya haijatangazwa, tungependa mwenye kuiomba aambatanishe daftari la wiki mbili, lenye saa, simu, na nani hakumsikia nani.