Ramani ya mawakala wa mtaa ni kazi ya wakazi, lakini si kila kitu kiwekwe humo

Mteja wetu mmoja, mama anayefua nguo kwenye magorofa ya Kileleshwa, alilipwa kwa simu jioni moja mwendo wa saa moja. Alitaka kutoa pesa kidogo ya matumizi kabla ya kurudi nyumbani Kawangware. Ramani kwenye simu ilimwonyesha wakala kando ya Barabara ya Othaya. Alipofika akakuta ua wa mabati na mjengo unaendelea. Alama ya pili ikampeleka kwenye duka lililo ndani ya ploti ya magorofa, na soja wa geti akamwambia duka hilo ni la wapangaji tu. Akaenda nyumbani bila pesa mkononi. Kesho yake alipotupigia simu hakuwa na hasira. Aliuliza tu, "Kwani hii ramani huandikwa na nani?"

Jibu tulilompa halikumridhisha, na tukisema ukweli, halikuturidhisha hata sisi. Tuna orodha ya mawakala, kila mmoja na namba yake na mahali alipojiandikisha. Orodha hiyo inajua wakala alianzia wapi. Haijui kwamba kibanda chake kilisogezwa barabara ilipopanuliwa, au kwamba nyumba ya zamani yenye bustani ilibomolewa na gorofa refu likajengwa hapo. Kileleshwa hubadilika kila mwaka. Anayejua mabadiliko hayo mapema ni mtu anayepita hapo kwa miguu.

Kwa hivyo maoni yetu ni haya: ramani ya mawakala wa mtaa ichorwe na irekebishwe na watu wanaoutembea mtaa huo kila siku. Lakini kuna vitu vitatu ambavyo havifai kuwekwa humo kamwe, hata wateja wakituomba.

Ramani mseto ni kitu gani?

Fikiria githeri. Mahindi yametoka shamba moja, maharagwe shamba lingine, yote yameivia kwenye sufuria moja. Ramani mseto ni hivyo. Barabara na majina ya mahali yanatoka kwa mtu mmoja, kwa mfano Google Maps au OpenStreetMap. Habari zako zinatoka kwingine: fomu ya mtandaoni, SMS, au jedwali uliloandika mwenyewe. Programu inazipanga habari hizo juu ya ramani kama alama, na mtu akibonyeza alama anasoma kilichoandikwa. Mwaka 2005, mwaka ule ule Google Maps ilipoanza, Paul Rademacher wa Marekani alichukua matangazo ya nyumba kutoka Craigslist akayaweka juu ya ramani hiyo. Watu wakaona kumbe inawezekana.

Kenya haikukawia. Vurugu zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiomba watu wasaidie kutengeneza ramani ya yaliyokuwa yakitokea. Januari 2008, ndani ya siku chache tu, yeye pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaanzisha Ushahidi. Mwananchi aliweza kutuma ripoti kwa mtandao au kwa SMS, ikaonekana kwenye ramani. Miaka miwili baadaye, Januari 2010, programu hiyo hiyo ya Nairobi ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Kuweka alama kwenye ramani ni kazi ya dakika moja. Kazi ngumu ilikuwa kujua kama ripoti ni ya kweli, na kumlinda aliyeituma. Hayo mawili bado ndiyo yanayosumbua kila ramani ya wananchi, hata ya kitu kidogo kama mahali pa kutoa shilingi mia tano.

Nairobi imefanya hivi kabla

Mwaka 2009 Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za mtandaoni. Vijana 13 wa huko huko wakachukua vifaa vya GPS, wakatembea njia na vichochoro, wakaweka kwenye OpenStreetMap vituo vya maji, zahanati, shule na vyoo. Mradi huo, Map Kibera, ulianzishwa na Mikel Maron na Erica Hagen, lakini waliojua njia ni wale vijana.

Kisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu simu zikiwa mkononi, wakarekodi njia na steji. Mradi wa Digital Matatus ukatoa ramani yake mwaka 2014, na mwaka 2015 njia hizo zikaingia kwenye Google Maps.

Hata sekta yetu imewahi kuhesabiwa hivyo. Mwaka 2013 watu walizunguka nchi nzima wakiweka alama za vituo vya huduma za fedha, kuanzia matawi ya benki mpaka mawakala wa pesa za simu, katika kazi iliyohusisha FSD Kenya na Benki Kuu ya Kenya. Ilikuwa kazi kubwa na yenye faida. Lakini ramani ya namna hiyo ni kama picha ya pasipoti: inafanana na wewe siku ile uliyopigwa. Wakala akihama wiki inayofuata, picha haijui.

Jinsi ya kuanza mtaani kwenu

Huhitaji kuwa mtu wa kompyuta. Majirani wachache, simu na bando kidogo vinatosha.

Kwanza, chagueni swali moja. "Naweza kutoa pesa wapi kwa miguu baada ya saa kumi na mbili jioni?" ni swali zuri. "Kila kitu kilichoko Kileleshwa" ni swali litakalowachosha kabla hamjafika Barabara ya Mandera.

Pili, andikeni mambo machache kwa kila alama: jina la duka, alama ya karibu inayojulikana, kama mtu wa nje anaruhusiwa kuingia, na tarehe mliyofika hapo. Hilo la geti msilisahau. Mtaani kwetu maduka mengi yako ndani ya ua, na kwa mfanyakazi asiyeishi hapo ni kama hayapo.

Tatu, tumieni chombo rahisi. Google My Maps inakuruhusu kupakia jedwali na kuwaalika wenzako wahariri. uMap inafanya kazi kama hiyo juu ya OpenStreetMap. Ukimaliza, unapata linki ya kutuma kwenye grupu la WhatsApp la mtaa.

Nne, na hapa ndipo ramani nyingi hufa: pangeni nani atahakiki. Ramani ni kama daftari la chama. Kila mwanachama anachangia, lakini yupo mtu anayekagua hesabu kila mwezi. Alama ambayo haijatembelewa kwa miezi mitatu ibadilishwe rangi, au iondolewe. Ni afadhali alama chache za kweli kuliko nyingi za kumtembeza mtu gizani bure.

Vitu vitatu visiwekwe

Cha kwanza ni floti. Wateja wengi hutuomba ramani inayoonyesha ni wakala gani ana pesa za kutosha sasa hivi. Tunaelewa; kuambiwa "sina floti" mara tatu mfululizo kunachosha. Lakini ramani inayomwonyesha mteja pesa iko wapi inamwonyesha mwizi pia. Wakala yuko peke yake kwenye kibanda, na hatuwezi kumwanika ili sisi tupunguze hatua mia mbili. Ukitaka kutoa pesa nyingi, enda benki au ATM, na uende mchana.

Cha pili ni namba za simu na namba za kulipia. Ramani ambayo yeyote anaweza kuhariri ni mahali pazuri kwa tapeli kubandika namba yake na kuiita "huduma kwa wateja". Namba ya wakala isome dukani, kwenye bango lake, ukiwa umesimama mbele yake. Kabla ya kuthibitisha, linganisha jina linalotokea kwenye simu yako na jina la duka. Yasipolingana, simamisha hapo. Na hakuna ramani, wala mtu wetu yeyote, anayehitaji namba yako ya siri.

Cha tatu ni watu. Andikeni "duka la kona, karibu na kituo cha polisi". Msiandike "yule dada anayefunga saa tatu peke yake". Msipige picha za wahudumu bila ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu aambiwe taarifa zake zinachukuliwa kwa nini. Hata bila sheria, hiyo ni heshima tu. Mwenye duka akisema hataki kuwa kwenye ramani, mwondoeni.

Ramani iwe ya nani?

Kuna atakayesema tunawapa wateja kazi yetu. Ana haki. Kusahihisha orodha yetu ni jukumu letu, na ramani ya majirani haituondolei jukumu hilo. Tena, ramani sahihi inatufaidi: mteja anayempata wakala hufanya muamala, nasi hupata ada. Hatutaficha hilo.

Ndiyo maana tunasema ramani ya mtaa ibaki mikononi mwa mtaa. Muwe na nakala ya jedwali lenu. Mkitaka kutuonyesha makosa kwenye orodha yetu, tuonyesheni, nasi turekebishe upande wetu. Mkitaka kuiweka wazi watu wengine waitumie, ni uamuzi wenu. Kampuni ikimiliki peke yake, siku itakapochoka nayo itazimwa, na yule mama atarudi kwenye ua wa mabati.

Kwa sasa anza na kitu kidogo. Jumamosi hii ukienda dukani, angalia kama wakala aliye kwenye ramani ya simu yako yupo kweli. Kama hayupo, sahihisha, au mwambie jirani anayejua kusahihisha. Kuna mtu atakayeifuata alama hiyo jioni akiwa amechoka, na simu imebaki na chaji kidogo.