Ng'ombe Amehukumiwa, Mfereji Je?

Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2006 wafugaji wa Usangu walianza kuondolewa na mifugo yao, nasi tukaambiwa mto utapona. Haukupona. Twawauliza wahandisi wa maji, ambao baadhi yao ni waumini wenzetu: mabanio ya zege yalijengwa na nani? Banio la zamani, la miti na udongo, lilivuja, na maji hayo yakamfikia jirani wa chini. La zege halivuji. Laweza kunywa hata wakati shambani hakuna mpunga. Twadai vipimo vya kila banio visomwe hadharani, wanavijiji wa chini wakiwapo.