UFUNDI KIJIJINI: Soma Nguvu za Farasi Kabla ya Kutoa Fedha

Siku hizi pikipiki imefika karibu kila kijiji. Inapeleka mgonjwa zahanati. Inapeleka mahindi gulioni. Kijana mwenye pikipiki anailisha familia yake kwa nauli. Wengi wameinunua kwa mkopo, na deni halingoji. Kwa hiyo pikipiki ikipoteza nguvu, nyumba nzima inapata hasara.

Ndipo anapotokea mtu na karatasi. Anasema, "Nipe fedha. Nitabadilisha ekzosi na kabureta. Injini yako itaongeza nguvu za farasi." Karatasi hiyo ina mistari miwili na namba nyingi. Je, utajuaje kama maneno yake ni ya kweli?

Leo tutajifunza kusoma karatasi hiyo. Wewe unajua kusoma na kuhesabu. Usitoe fedha kwa sababu ya namba usiyoielewa.

NGUVU YA FARASI NI NINI?

Katika miaka ya 1780, fundi mmoja wa Uskoti aliyeitwa James Watt alikuwa akiuza mashine za mvuke. Wateja wake walizoea kutumia farasi kuzungusha mitambo. Walitaka kujua mashine moja itafanya kazi ya farasi wangapi. Watt akaweka kipimo. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo.

Kwa kilo na mita, nguvu ya farasi mmoja ni kuinua kilo 75 kwenda juu mita 1 kwa sekunde 1. Kilo 75 ni sawa na mfuko mmoja na nusu wa saruji.

Sasa tufanye hesabu. Pikipiki ina kilo 120. Dereva ana kilo 70. Gunia la mahindi lina kilo 100. Vitu vingine ni kilo 10. Jumla ni kilo 300. Ukipanda mlima, na kila sekunde mzigo huo unapanda juu mita 1, unahitaji nguvu za farasi ngapi? Gawa 300 kwa 75. Jibu ni 4. Hizo ni za kuinua mzigo tu. Upepo na matairi navyo vinataka nguvu yao.

Pikipiki nyingi za kazi, zenye injini ya ukubwa wa 125 au 150, zina nguvu za farasi kama 10 au 12. Kwa hiyo ukipoteza 2 tu, mlimani utaona tofauti.

MAMBO MAWILI NDANI YA NAMBA MOJA

Fikiria baiskeli. Mlimani unakanyaga pedali kwa nguvu nyingi, lakini zinazunguka polepole. Kwenye tambarare unakanyaga kwa wepesi, lakini zinazunguka haraka. Injini nayo ni hivyo. Kuna nguvu ya kuzungusha, na kuna wingi wa mizunguko kwa dakika. Ukizidisha hayo mawili, ndipo unapata nguvu za farasi.

Kumbuka jambo hili. Injini inaweza kuwa na nguvu nyingi za farasi kwa sababu inazunguka haraka sana, si kwa sababu inavuta vizuri.

MASHINE YA KUPIMIA

Karatasi yenye mistari hutoka kwenye mashine ya kupimia nguvu. Mafundi huiita daino. Pikipiki hufungwa kwa mikanda isitoroke. Gurudumu la nyuma hukaa juu ya pipa zito la chuma. Fundi huvuta mafuta mpaka mwisho, na gurudumu huzungusha pipa. Kompyuta hupima jinsi pipa linavyoongeza mwendo. Kwa kuwa uzito wa pipa unajulikana, kompyuta hupata nguvu ya pikipiki.

Mstari mmoja wa karatasi huonyesha nguvu ya kuzungusha. Mwingine huonyesha nguvu za farasi. Namba za chini, kutoka kushoto kwenda kulia, ni mizunguko ya injini kwa dakika.

MASWALI MANNE YA KUMUULIZA MWENYE KARATASI

1. Nguvu imepimwa wapi, kwenye injini au kwenye gurudumu? Kiwanda hupima kwenye injini. Daino ya pipa hupima kwenye gurudumu la nyuma. Njiani nguvu nyingine huliwa na gea, cheni na tairi. Inaweza kupotea 1 katika kila 10, au hata zaidi. Kwa hiyo kitabu kikisema 12 na daino ikasema 10 na nusu, injini yako si lazima iwe mbovu.

2. Imepimwa mwinuko gani? Ukipanda mita 1000 kutoka usawa wa bahari, hewa hupungua kwa karibu sehemu 1 katika 10. Injini inahitaji hewa ili ichome petroli. Kwa hiyo pikipiki yenye nguvu 10 Dar es Salaam haina 10 Mbeya, ambako ni juu ya mita 1600. Joto nalo hupunguza nguvu. Kompyuta inaweza kusawazisha tofauti hizi kwa hesabu. Uliza kama namba imesawazishwa au la.

3. Je, vipimo vya kabla na baada vilifanywa kwenye mashine moja, siku moja, na tairi lenye upepo uleule? Daino mbili tofauti hutoa namba tofauti kwa pikipiki moja. Hata mashine moja, ukipima mara tatu, namba hazitalingana kabisa. Ongezeko dogo sana huenda si ongezeko.

4. Nguvu imeongezeka kwenye mizunguko mingapi? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Tutazame mfano.

TUSOME PAMOJA

Huu ni mfano wa kujifunzia. Pikipiki imepimwa kabla na baada ya kubadilishwa ekzosi na kabureta.

Mizunguko 4000: kabla farasi 6, baada 5.
Mizunguko 5000: kabla 7 na nusu, baada 6 na nusu.
Mizunguko 6000: kabla 9, baada 8 na nusu.
Mizunguko 7500: kabla 10, baada 10 na nusu.
Mizunguko 8500: kabla 9 na nusu, baada 11.

Muuzaji atakuambia hivi: "Kabla ilikuwa 10, sasa ni 11. Umepata farasi mzima!" Hajasema uongo. Namba ya juu kabisa imepanda kweli.

Lakini wewe unabeba gunia mlimani. Injini yako haizunguki mara 8500. Inazunguka mara 4000, 5000, pengine 6000. Tazama mistari hiyo mitatu ya kwanza. Yote imeshuka. Mahali unapofanyia kazi, umepoteza nguvu. Ili upate hiyo 11, lazima uiendeshe injini kwa kelele na joto, katika gea ndogo, siku nzima. Petroli itaisha haraka na injini itachakaa mapema.

Dereva wa mashindano anaweza kuitaka hiyo 11. Yeye hukimbia kwenye mizunguko mingi. Wewe kazi yako ni nyingine.

Kwa hiyo usitazame kilele cha mstari peke yake. Tazama mstari wote, na hasa sehemu unayoitumia.

KURUDISHA NGUVU ILIYOPOTEA

Pikipiki nyingi zinazolegea hazihitaji ekzosi mpya. Zimepoteza nguvu ziliyokuja nayo. Irudishe kwanza. Fuata mpangilio huu, wala usianze na kabureta.

1. Chujio la hewa. Lisafishe au libadilishe. Barabara zetu zina vumbi. Usiendeshe kamwe bila chujio, hata mtu akikuambia injini itapumua vizuri. Vumbi likiingia husaga silinda, pistoni na ringi kama msasa.

2. Oili. Hakikisha imefika kwenye alama. Ikiwa nyeusi na imetumika muda mrefu, ibadilishe.

3. Vali. Mwachie fundi mwenye kipimo cha bapa nyembamba. Vali hurekebishwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu na vali zote mbili zimefunga. Nafasi yake ni ndogo mno, chini ya unene wa kadi. Tumia namba iliyo katika kitabu cha pikipiki. Vali ikibana sana haifungi vizuri, na huungua.

4. Plagi. Ifungue, uitazame. Rangi ya kahawia ni nzuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli nyingi au hewa kidogo. Rangi nyeupe inaonyesha petroli kidogo na joto kali. Plagi iliyolowa oili inaonyesha ringi au mihuri ya vali imechoka.

5. Cheni, breki na matairi. Inua gurudumu la nyuma, ulizungushe kwa mkono. Likiwa zito, breki inakamata au cheni imebana. Injini haina kosa, nguvu inaliwa njiani. Upepo wa tairi uwe kama kitabu kinavyosema.

6. Kabureta, ikiwa pikipiki yako inayo. Pasha injini moto kwanza. Kisha rekebisha skrubu ya hewa kidogo kidogo, robo mzunguko kila mara, mpaka injini ingurume sawasawa bila kuvuta mafuta. Usibadilishe jeti ovyo. Ukiweka jeti ndogo mno kwa tamaa ya kubana petroli, injini hupata joto kali. Pistoni inaweza kutoboka au kukwama.

Jihadhari. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Usivute sigara karibu na petroli.

MLIMA NDIO DAINO YAKO

Huna daino kijijini. Lakini una mlima, una saa, na una daftari.

Chagua mlima mmoja ulionyooka, wenye barabara nzuri isiyo na watu wengi. Weka alama mbili, chini na juu. Beba mzigo wa uzito uleule kila mara, uliofungwa vizuri. Tumia gea ileile. Pita alama ya chini kwa mwendo uleule, kisha vuta mafuta mpaka alama ya juu. Mwenzako ahesabu sekunde. Vaa kofia ngumu. Mwendo usizidi ule wa siku zote.

Fanya mara tatu. Andika sekunde zote tatu. Baada ya matengenezo, rudia jioni kama ulivyofanya jioni. Usilinganishe asubuhi ya baridi na mchana wa jua kali. Mzigo uleule ukipanda kwa sekunde nyingi zaidi kuliko kabla, basi nguvu imepungua. Ukipanda kwa haraka zaidi, imeongezeka.

Kisha pima petroli. Jaza tanki mpaka juu. Tembea kilomita 100. Jaza tena mpaka palepale. Ikiingia lita 2, pikipiki yako inakwenda kilomita 50 kwa lita 1.

Tuseme baada ya kubadilisha ekzosi, inakwenda kilomita 45 kwa lita 1. Kwa siku unatembea kilomita 90. Zamani ulitumia lita 1 na pointi 8. Sasa unatumia lita 2. Tofauti ni ndogo, siyo? Lakini kwa siku 25 za kazi ni lita 5. Zidisha kwa bei ya petroli ya kijijini kwenu. Hiyo ndiyo bei unayolipia kelele kila mwezi, mbali na fedha uliyompa fundi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, kilomita, petroli, oili na sekunde za mlimani. Baada ya miezi mitatu, daftari lako litakuambia habari za pikipiki yako kuliko karatasi ya mtu yeyote.

Ndugu msomaji, hatusemi daino ni mbaya. Ni kipimo kizuri mikononi mwa fundi mwaminifu. Humsaidia kujua kama kazi yake imeleta faida. Lakini mizani nzuri haizuii mtu kukuuzia kitu usichokihitaji. Anayejua kuisoma ndiye asiyedanganywa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nguvu ya farasi mmoja huinua kilo ngapi, mita ngapi, kwa muda gani?
2. Kwa nini pikipiki hupungua nguvu Mbeya kuliko Dar es Salaam?
3. Katika mfano wetu, je, ungekubali ekzosi mpya? Toa sababu.
4. Pikipiki yako inakwenda kilomita ngapi kwa lita 1? Kama hujui, anza kupima wiki hii.