Mnapokuja kututembelea, tazameni na soketi

Mwezi wa nne, mama mmoja wa ua wetu hapa Katwe, Kampala, alikuwa anaanika nguo za watoto. Mikono ilikuwa na maji bado. Waya ya kuanikia ilifungwa kwenye mbao ya paa, ikigusa bati. Ilimrusha chini. Tulifikiri ni presha, mpaka kijana mwenzetu aliyekimbia kumuinua akapigwa na yeye. Mzee mmoja ndiye alipiga kelele: "Zimeni kwenye mita! Mita!" Tulikuwa vijana sita pale, na hakuna hata mmoja aliyejua swichi kubwa ya ua iko wapi.

Wote wawili wako wazima, asante Mungu. Fundi alipokuja alituonyesha: kebo ya chumba cha tatu ilipitishwa kwenye tundu la bati bila kitu cha kuikinga. Kila upepo ukivuma, bati linakula plastiki kidogo kidogo, mpaka shaba ikabaki wazi na paa lote likabeba umeme. Kinachotuuma ni kwamba ungesimama nje tu ukainua kichwa, ungeiona. Sisi tumepita chini yake miezi mingapi?

Ndiyo maana tunaandika leo. Tunasema hivi: ukaguzi wa umeme kwa macho uingie kwenye kila ziara ya nyumbani, iwe ya shirika au ya vijana wa kujitolea. Fomu zenu, ndugu zetu wa mashirika, tunazijua. Mnauliza tunakula mara ngapi, watoto wanasoma, choo tunashiriki na familia ngapi, neti ipo. Maswali mazuri. Lakini mnakaa kwenye kile kitanda mkiandika, na kando ya goti lenu kuna soketi imebadilika rangi kuwa kahawia kama chapati, na hakuna anayeiuliza.

Wengine watasema sisi si mafundi. Ni kweli, na hatutaki kuwa. Kutazama hakuhitaji bisibisi. Sheria yetu ni moja: mikono nyuma ya mgongo. Usifungue, usivute, usijaribu. Macho, pua na masikio vinatosha.

Jumapili iliyofuata tulipita vyumba vyote vya ua, wenyeji wakiwa wamekubali. Tulichoona kilituogopesha. Chumba kimoja, nyaya mbili zimechomekwa moja kwa moja kwenye soketi bila plagi, zimeshikiliwa na njiti za kiberiti. Kingine, kiungo cha waya kimesokotwa na kufungwa na karatasi ya kaveera. Kebo imepita chini ya mkeka ambapo watoto wanalala, nyingine inabanwa na mlango kila ukifungwa. Kuna plagi ambayo fyuzi iliungua, mtu akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hiyo si fyuzi tena. Kazi ya fyuzi ni kufa kabla ya nyumba, sasa ukiikataza kufa, waya ndiyo itaungua.

Halafu ekstensheni, ugonjwa wetu sote. Chumba kina soketi moja, basi tunaongeza ekstensheni, na juu yake nyingine. Plagi zetu hapa zina fyuzi ya ampea 13 kwa volti 240, yaani kama wati 3,000 hivi kwa jumla. Birika la umeme peke yake linaweza kula 2,000, pasi 1,000. Umeshajaza, hata sigiri ya umeme hujachomeka. Na ile ekstensheni ya bei rahisi yenye waya mwembamba haifiki hata hapo. Ukisikia joto ukikaribia, harufu ya plastiki inayoungua, au sauti ya kukaanga ndani ya ukuta, zima na usirudishe mpaka fundi aje.

Sasa tuongee lile gumu, ju ndilo linalotufunga midomo. Nyumba si yetu. Mkimbizi akienda peke yake kwa mwenye nyumba na kusema "Nnyabo, soketi yako ni mbovu," jibu analolijua ni moja: kama hupendi, hama. Hapa mjini kodi tunajilipia wenyewe, na kupata chumba kingine na watoto wanne na lafudhi ya Bukavu si mchezo. Mama yule wa nguo alikuwa ameshasikia bati "linamtekenya" wiki mbili kabla. Alinyamaza. Hakuwa mjinga, alikuwa anahesabu.

Kwa hiyo hatutaki ukaguzi wa kumwambia mpangaji "umezembea" halafu mnaondoka. Uganda ina sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022: nyumba ya kupangisha iwe inafaa mtu kuishi, na mpangaji hafukuzwi bila amri ya korti. Wengi wetu hatuijui, na kuijua peke yako chumbani haisaidii sana. Mfanyakazi wa shirika anayejua Luganda, akikaa nasi mbele ya mwenye nyumba, wapangaji wote wa ua wakiwepo, hayo yanakuwa mazungumzo mengine kabisa. Na fundi awe mwenye kibali cha mamlaka ya umeme, ERA, si yule kijana wa kona anayebeba koleo na tepu tu. Tumeshamlipa yule mara tatu kwa kosa lile lile.

Sisi tulienda watu tisa. Tulibeba picha za simu, na tuliomba, hatukugombana. Mwenye nyumba aliuliza kwanza nani ametutuma. Mzee wetu akamjibu: "Mama, hili paa likiungua ni lako." Alikaa kimya, akampigia fundi.

Kebo ya bati imebadilishwa, imepitishwa ndani ya bomba la plastiki. Swichi kubwa tumeiandikia kwa rangi nyekundu, na watoto wote wameonyeshwa ilipo. Ya kuanikia nguo sasa ni kamba ya nailoni. Soketi ya chumba cha tano bado, amesema mwisho wa mwezi. Tutarudi tena, tisa wale wale.