Jina la Adolf Lina Kosa Gani?

Akiwepo mtoto anayeitwa Adolf darasani, wenzake hawachelewi kumbandika "Hitler". Na tukubali tu, watoto wetu nao wamo. Sisi tunaona utani huo haufai.

Adolf ni jina la Kijerumani cha kale, limeungwa kwa maneno mawili: moja maana yake uungwana wa nasaba, la pili ni mbwa mwitu. Waliomwita mtoto hivyo walimtakia ushujaa, kama sisi tunavyoita Asad au Haidar tukikusudia simba. Mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi, aliyeuawa vitani Lützen mwaka 1632, alilipa sifa kubwa. Wakatoliki nao wana mtakatifu wao, Adolf wa Osnabrück, askofu aliyefariki mwaka 1224. Ndiyo maana majirani zetu Wakristo wanalo. Hawakulichukua kwa yule dikteta.

Ujerumani kwenyewe lilikuwa jina la kawaida. Hata viatu vya Adidas, ambavyo vijana wetu wanavililia madukani, vimeitwa kwa mwanzilishi wake Adolf Dassler, ambaye watu walimwita Adi. Kampuni ilisajiliwa mwaka 1949. Lakini baada ya vita kwisha mwaka 1945, wazazi wa huko wakaacha karibu kabisa kuwapa watoto wao jina hilo. Hatuwalaumu. Familia zilizopoteza watu kwa mamilioni zina haki ya kusikia uchungu jina linapotajwa.

Sisi huku mambo yetu ni mengine. Kama ni kuhesabu mabaya, Afrika Mashariki ina Adolf wake. Gavana Gustav Adolf von Götzen alitawala koloni la Wajerumani tangu mwaka 1901 hadi 1906, na katika vita vya Maji Maji jeshi lake lilichoma vijiji na vyakula mpaka watu wakafa kwa njaa. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilipewa kwanza jina lake. Mbona huyo hatumtaji kabisa, ila tunamkumbuka wa Ulaya ili tumcheke mtoto wa jirani?

Kosa liko kwingine. Namibia mwaka 2020 alichaguliwa diwani aitwaye Adolf Hitler Uunona, akaeleza kwamba baba yake alimpa jina hilo bila kujua lilibeba nini. Hapo ndipo tunaposema mzazi aulize kwanza. Kuchukua jina kamili la mtu ni kumchukua mtu mwenyewe. Adolf peke yake ni la maelfu ya watu, akiwemo Profesa Adolf Mkenda, aliyeteuliwa Waziri wa Elimu wa Tanzania mwaka 2022.

Basi wazazi wenzetu, mtoto akirudi nyumbani na kicheko hicho, msicheke naye. Mwelezeni Götzen alikuwa nani, halafu kesho amwite mwenzake kwa jina alilopewa na wazazi wake.