Roboti za mashindano: pareshoki iwe lazima, lakini isiwafungie maskini mlango

Wakaaji wa Kinshasa wanazijua roboti tangu 2013, wakati mashine zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi zilipoanza kuongoza magari barabarani. Hizo husimama pahali pamoja. Roboti za mashindano ya vijana ni jambo lingine: zinakimbia, zinasukumana, zinagongana.

Mfano unaojulikana ni mashindano ya FIRST, yaliyoanza Marekani mwaka wa 1992. Ekipe tatu za wanafunzi hucheza na tatu nyingine kwa muda wa dakika mbili na nusu hivi, na roboti moja inaweza kupita kilo 50. Sheria inadai kila roboti izungukwe na pareshoki: ubao, sponji juu yake, kisha kitambaa kigumu chekundu au cha bluu chenye namba ya ekipe. Bila hiyo, roboti haiingii uwanjani.

Wapo wanaolalamika. Wanasema pareshoki inaongeza uzito, inakula siku za kazi, na kwamba aliyejenga mashine dhaifu aachwe ajifunze kwa kuvunjikiwa.

Hoja hiyo inasahau kwamba kuvunjikiwa hakuwaumizi wote sawasawa. Ekipe tajiri inatoa mota ya akiba na kuendelea. Ekipe ya shule ndogo, mota yake ikiharibika, inarudi nyumbani. Tena, anayevunjikiwa siye kila mara aliyejenga vibaya. Mara nyingi amegongwa tu na mwenye nguvu zaidi.

Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachwa kwa hiari ya kila mtu. Pareshoki inamlinda mwenye nayo, lakini inamlinda pia jirani anayegongwa. Asiyeifunga anapunguza gharama yake na kumbebesha mwenzake hasara. Ni kama motari asiyetengeneza breki: anayelipa ni mpita njia.

Hata hivyo, sheria nzuri inaweza kuwa ukuta. Huku Kivu na Ituri, watoto wa familia zilizohama vita hutengeneza magari kwa waya na makopo, bila fundi wa kuwaelekeza. Siku mashindano yatakapowafikia, sheria ikidai sponji ya kuagizwa ng'ambo, hao ndio watakaobaki nje ya uwanja.

Basi waandalizi wapime kazi, wasipime duka. Waandike unene unaotakiwa, kimo kutoka chini na jinsi ya kufunga ili ising'oke. Sponji ya godoro kuukuu ikipita kipimo, ikubaliwe. Ukaguzi ufanywe mapema, na ekipe iliyokosea ipewe muda wa kurekebisha kabla ya kukatazwa.

Mtoto aliyepoteza nyumba hapaswi kupoteza pia mashine aliyoijenga kwa mikono yake, kwa sababu tu wakubwa waliona kinga ni mzigo.